Mkondo

Banda langu liko Nkuhungu, nyuma ya mashine ya kukoboa:
bati kumi na mbili, mabenchi mawili,
televisheni moja bapa, nyingine ya chogo.
Mechi moja mia tatu. Ukivunja pedi, nitaonana na baba yako.

Mwezi wa nane, upepo ukishavimba na vumbi lake,
nalifungua sanduku jeusi kwa bisibisi,
nalisugua mapafu kwa mswaki wa zamani.
Feni inakohoa. Nami nakohoa. Tunaelewana.

Jumapili alikuja Amosi, mtoto wa dada, anasoma kompyuta Chimwaga.
Hakukaa. Aligonga sanduku kwa kidole kama anapima tikiti:
"Mama mdogo, haya yanakwisha.
Gemu halitakuja tena na diski.
Litakaa huko kwao, kwenye mashine zenye ubaridi,
wewe utalifungulia tu, litiririke."

Litiririke.
Nilicheka hadi Chilewa akachungulia.
Mwanangu, mtu wa Dodoma humwambii habari za kutiririka.
Korongo letu nalo hutiririka:
siku nne linabeba mizizi, kandambili, mbuzi wa watu,
kisha miezi minane ni mchanga,
na wewe umeinama shimoni unasubiri kata ijae.
Ndiyo maana mama alipanga mitungi.
Diski zangu ni mitungi.

Lakini bando nilinunua. Sikutaka kuitwa mshamba.
Akachomeka simu, akaunga waya, na kweli,
uwanja ukafunguka kwenye kioo,
kijani ambacho huku tunakiona Februari tu,
bila sanduku, bila kikohozi.
Wavulana walinyamaza kama mtihani umeanza.
Hata mimi. Sitasema uongo.

Dakika ya themanini na nane, penalti.
Yonatani akapiga,
mpira ukaganda hewani,
kaduara kakaanza kuzunguka, kuzunguka,
kama ndama kwenye kigingi.

Hakuna aliyezomea. Ila Msafiri, wa darasa la tatu, aliuliza:
"Mama Chilewa, sasa hivi mpira uko wapi?"

Amosi akaanza kueleza: nyaya za chini ya bahari, nchi fulani, umbali.
Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti nyuma ya meza,
napapasa swichi gizani,
mpaka feni ikakohoa.