Malaki wa Barabara ya Kumi na Nne

Mchungaji alifungua Biblia pale ilipochanika,
ukurasa wa mwisho wa Agano la Kale,
akamwambia bibi: Huyu ni Malaki.
Maana yake, mjumbe wangu.
Bibi alikuwa akitaka Faraja. Alinyamaza.
Mtoto wa sita, nani angebishana.

Ngamiani jina halikukaa siku saba.
Bi Mwanamkasi wa nyumba ya pili alisikia Malaika,
na Malaika akawa, hata alipoota ndevu:
Malaika anayenyonyoa kuku,
Malaika anayedaiwa mafuta ya taa.
Ustadhi Mbwana akacheka: Msigombane,
mimu, lamu, kafu.
Mlango ni ule ule, mmebadili kitasa.

Nadhani hata kazi ina masikio.
Alipewa utarishi, ofisi ya shirika la mkonge:
baiskeli ya Foniksi, mkoba wa turubai, daftari la kusaini.

Mwaka ule wa bahasha za kaki
alizipeleka Makorora, Chumbageni, Pongwe kwenye vumbi,
kila mlango maneno mawili tu: Saini hapa.
Mmoja alimmwagia maji ya mchele.
Mwingine alimtengea chai, akasoma barua, akaiondoa chai.
Mjumbe hauawi, baba alituambia usiku, akikamua shati.
Hauawi, mama akajibu,
ila salamu harudishiwi.

Bahasha ya arobaini na moja ilikuwa na jina lake.
Hakuifungua njiani.
Aliendesha mpaka nyumbani, akagonga mlango wake mwenyewe,
hodi,
akatoa daftari, akasaini: Imepokelewa. Malaki.
Asubuhi akalirudisha daftari
kwa sababu lilikuwa la ofisi.

Juzi, dirisha la vizazi, Bombo,
karani akaniuliza jina la mwanangu.
Nikalitaja. Malaika?
Hapana. Malaki, i mwishoni.
Akafuta, vumbi la raba likabaki mezani.
Maana yake?

Nilitaka kumwambia kwamba ile i ndogo,
kwa Kiebrania, ndiyo wangu.
Ikate, anabaki mjumbe tu, wa yeyote,
wa shirika, wa bahasha.
Ndiyo mama aliyokuwa akiivuta magharibi, akimwita kula,
Malakiii,
mpaka Barabara ya Kumi na Tano wakajua ni wa nani.

Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu.
Nikasema, ni jina la babu yake.
Akagonga muhuri.