Kondensa

Shamba la mtama la akina Chiteme, Kongwa,
limekwisha kuvunwa. Mabua yamelala
na upepo wa Agosti unayasoma
kama mtu aliyesahau miwani: anarudia mstari uleule.

Landrova ya baba ilikuja kwa kamba,
imekokotwa na trekta kutoka Mlali,
tairi tatu zina upepo,
ya nne tumeishindilia majani makavu,
tangi linalovuja tumeliziba kwa sabuni ya mche.

Wengine walitutangulia.
Foibe Masima na Pijo yake 404, rangi ya maziwa yaliyolala.
Nehemia Lechipya na Bedifodi isiyo na milango
("Milango ya nini? Nani ataniibia mimi?").
Vijana wawili wa Kibaigwa na Kobe lao,
injini nyuma,
na mbele, pale watu wanapotazamia injini,
debe la karanga na jogoo mmoja aliyefungwa miguu.

Hakuna aliyeniuliza habari za nyumbani.
Waliuliza: Inashika? Inakohoa? Moto upo?
Salamu ilikuja baadaye, kutoka chini ya boneti:
"Mbukwenyi,"
na mkono uliofuata ulitaka spana namba kumi na tatu.

Foibe alichomoa plagi, akailaza juu ya injini.
"Zungusha."
Nikazungusha hendeli hadi bega likalia.
Cheche ikaruka, ya njano, ya uvivu,
kama jicho la mgonjwa wa ini.
"Kondensa imekufa," akasema,
akajifuta mikono kwenye gauni lake la kazi
lililokuwa, nadhani, sare ya kwaya.

Nikafungua droo ya dashibodi nitafute bisibisi.
Ugoro mkavu. Risiti ya petroli, imefutika.
Na kifurushi cha gazeti
kilichokazwa kwa ukanda wa tyubu:
kondensa mpya, haijawahi kuguswa na grisi.
Juu ya gazeti, kwa penseli, mwandiko wa baba,
ile "J" yake yenye mkia wa kenge:
Jumatatu.

Tulimpeleka Mvumi Jumapili.

Walinyamaza wote, hata jogoo.
Foibe aliifunga kondensa ile kwa vidole viwili
kama anayemvisha mtoto kifungo cha kanisani.
Nikazungusha.
Nikazungusha tena.
Njano. Njano.
Halafu hata njano hakuna.
"Imeozea karatasini," alisema Nehemia,
akaenda kukojoa mbali sana,
mbali kuliko haja.

Mimi nilikaa chini kwenye mabua.
Sikulia. Nilikuwa nachomoa miiba kwenye soksi.
Nikasikia boneti ya Pijo ikifunguka,
ikafungwa,
na nyayo za Foibe zikirudi.
"Usinishukuru. Shika tochi."

Landrova ilikohoa. Ikatema kwenye silensa
kiota kizima cha panya, manyoya na yote.
Ikakohoa tena, ikafikiri,
ikashika.

Moshi wa buluu ukafunika shamba la akina Chiteme.
Vijana wa Kibaigwa walipiga debe, karanga zikamwagika.
Nilizunguka mara tatu kwa gia ya pili,
gia pekee iliyokubali,
breki hamna,
naogopa kupunguza mwendo isije ikabadili nia.
Foibe akakimbia ubavuni, kanga mkononi,
akadandia kama kondakta wa miaka ile.
"Basi nipeleke Sagara. Nitatembea kwa nini?"

Kioo cha nyuma hakipo, nikageuza shingo.
Pijo ilibaki peke yake katikati ya mabua,
turubai juu yake, jiwe juu ya turubai,
taa zake mbili zinatutazama
bila lawama, bila kitu.

Tulipofika barabara ya vumbi
Foibe alipaza sauti juu ya injini:
"Utanirudishia Jumatatu!"

Nikakaza usukani.
Jumatatu ipi, sikuuliza.