Tangi la Kwanza

Usivute kamba bado. Iweke hapo chini,
kwenye udongo wa Chavakali uliokunywa oili
kuliko sisi tulivyokunywa chai.

Ya kwanza nilikuuzia Machi, Agufana.
Aprili ukanirudishia maiti ndani ya gunia la mbolea.
Mikalitusi saba ya Keverenge kwa siku moja,
lori linapiga honi Mudete,
nawe kidole hakikutoka kwenye moto.

Pistoni yake ninayo. Shika.
Pitisha ukucha hapa ubavuni:
mikwaruzo hii ni petroli
iliyokuja peke yake.
Pawaso haina tumbo la oili kama pikipiki yako.
Inakula na kujipaka mafuta kwa mkono uleule.

Kwa hiyo pima. Chupa ya mtoto ya dawa ya kikohozi
ina mistari: arobaini kwa kila lita,
matangi matatu ya kwanza.
Tikisa kama unatikisa kibuyu cha mtindi.

Leo ukate matawi ya mpera tu.
Ringi na silinda hawajuani,
wameozeshwa juzi kiwandani;
waache wasuguane polepole
mpaka kila mmoja ajue kona za mwenzake.
Panda, shuka, pumzika.
Usiikazie mpaka mwisho,
wala usiiache ikinguruma bure
kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni.

Mimi nilipoolewa sikupewa hata nusu tangi ya taratibu.
Tuache hayo.

Jioni fungua plagi uitazame.
Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, kalale.
Nyeusi na mbichi, inavimbiwa.
Nyeupe kama jivu, ina kiu:
izime, uniletee hata usiku, nitaamka.
Sponji ya hewa uioshe kwa sabuni ya kipande,
ikauke kivulini.
Na ukienda matanga ya wiki mbili, mwaga petroli yote;
ikilala humo inageuka gundi,
kabureta inaziba pua.

Haya. Sasa vuta.

*

Alhamisi nilikuwa nakaza klachi ya mtu wa Mbale
nikaisikia ng'ambo ya bonde, nyuma ya yale mawe makubwa.
Ikapanda. Ikashuka.
Ikanyamaza kabla haijachoka.
Nikaweka bisibisi chini
nikasubiri ianze tena,
mpaka mteja akaniuliza,
"Mama Kavere, unaumwa?"