Nati ya Nyuma Kushoto

Februari. Ukungu umeulalia mto Lamone
kama shuka lisilotandikwa.
Katika baa ya Nives, Learco, fundi bomba mstaafu,
anagonga meza hadi vijiko vinaruka:
"Dereva! Kule Ubelgiji nani alimsukuma?
Mvua, kona, yeye na usukani wake.
Akazunguka kama pia,
akaenda kulala kwenye changarawe.
Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

Primo mwoka mikate, unga bado kwenye nyusi:
"Na nani aliyemwacha na matairi makavu
ilhali hata kuku wa mamangu
walishajua mvua inakuja?"

Alama nne.
Mbio kumi na nane, nchi kumi na tano,
na ubingwa ukatuponyoka kwa alama nne.

Mimi nakoroga kahawa isiyo na sukari.
Hawaitaji Hungaria nikiwapo.
Heri wangenitukana.

Hungaria, lami ilikuwa inatoa jasho.
Gari likaingia. Kazi yangu ni sekunde mbili:
piga goti, fungua, mwenzangu achomoe, achomeke, funga.
Nimeifanya mara elfu sita, labda zaidi,
usiku mwingine naifanya usingizini
na Loredana huamka akiwa ameshikwa bega.
Siku ile nati ilikaa kombo,
kombo la unywele.
Kiganja kilijua kabla ya sikio.
Sekunde tisa.
Niliona buti za wenzangu zikiwa zimetulia,
zote zinanitazama.

Nati hiyo ninayo.
Loredana ameiweka juu ya bili za gesi
zisipeperuke mlango ukifunguliwa.

Siku mbili kabla ya Krismasi alikuja Wannes mwenyewe,
peke yake, na gari la kukodi lenye mkwaruzo
(sikumuuliza).
Mfupi kuliko anavyoonekana kwenye televisheni.
Akala tortellini sahani mbili, kisha akasema: "Nionyeshe."
Akaipitisha kidole kwenye nyuzi zake zilizolika,
polepole, kama mtu anayesoma gizani.
"Hapa umepoteza sita," akasema.
"Mimi Austria nilipoteza saba
kwa kutazama kioo badala ya breki.
Hakuna aliyeona. Wakasema ni gia.
Mkuu wa timu akawaambia waandishi ni gia,
nami nikaiacha gia ibebe."

Nilikumbuka gia ile.
Tuliifungua usiku kucha mafundi wanne,
tukaisafisha, tukaitafuta dhambi yake,
na Fausto, mdogo wetu, akalia alfajiri
kwa kudhani ni yeye aliyekaza vibaya.

Nilitaka kumpiga.
Nilitaka pia kumwongezea divai.
Nilimwongezea divai.

Tukaanza kuhesabu kwa vidole kama wadeni wawili:
Ureno, mbinu ya mkuu; Ubelgiji, yake;
Hungaria, yangu; Austria, yake, siyo ya gia.
Vidole vikaisha. Binti yangu Mirca,
aliyekuwa akifanya hesabu za shule pembeni,
akauliza bila kuinua kichwa:
"Na wale walioshinda, wao hawakukosea?"

Walikosea. Mara tano, ninavyokumbuka mimi.
Nati yao moja ilibingirika hadi miguuni mwa mpiga picha.
Lakini siku ile sisi tulikuwa tumeshatoka,
moshi unatufuka, hatukuwepo kuokota.

Learco sasa ananitazama.
"Ezio, wewe ulikuwa ndani. Sema. Nani?"

Nje kuna mtu anajaribu kuwasha pikipiki yenye baridi.
Inakohoa, inakataa, inakohoa.
Nampigia hesabu: mara moja zaidi na itaungua plagi.
Nainuka, navaa koti.
"Ngoja," namwambia Learco,
"nikamsaidie yule kwanza."

Mfukoni, mkono wa kulia
unakaza kitu ambacho hakipo.