Maji Yakimwagika

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Mimi nalipwa kuyazoa,
elfu arobaini kwa mwezi, mwezi ukikumbuka.

Huja kwangu kwa bomba moja,
kutoka zahanati, shuleni, na sakafu ya kufulia pale kisimani,
chini ya njia ya ng'ombe, kwa mteremko mdogo
ambao fundi Lechipya aliupima kwa mpira wenye maji
huku amefumba jicho moja.
Nayajua kabla sijayaona.
Jumatatu yana sabuni ya sare.
Saa nne yana ukoko wa uji wa mtama.
Na yakija mazito, mekundu kidogo, alfajiri,
najua kuna mtu amezaliwa Chibwelele,
nami ni wa pili kupata habari, baada ya mkunga.

Shimo la kwanza halina haraka.
Humo uzito huzama, mafuta huelea,
na kila Alhamisi naengua utando wa juu
kwa upawa wa marehemu mama,
upawa ambao haurudi tena jikoni.
Kisha kokoto. Kisha matete
niliyoyatoa Bahi kwa baiskeli, mizizi ndani ya gunia bichi,
na watu wakacheka: Perisi analima nyasi
sisi tukililia uwele.
Matete hayakujibu. Yalikunywa.

Mwishoni kuna kidimbwi, upana wa kitanda.
Maji hufika pale kimya, hayana harufu,
yana rangi ya chai iliyochujwa mara ya tatu.
Bwana mmoja alikuja kutoka mjini na chupa tano,
akazijaza, akaandika tarehe kwenye utepe,
akasema majibu wiki ijayo.
Nilihesabu wiki kumi na tisa, kisha nikaacha.
Mzabibu haungoji barua.

Ndiyo, nilipanda mizabibu. Pingili sita
za kuomba kwa shemeji yangu wa Hombolo,
sita tu, kandokando ya mfereji.
Kiangazi, korongo likiwa limepasuka kama kisigino,
ilinawiri hadi ikanitia aibu.

Mkutano ukaitwa.
Mwenyekiti Chilongani akasimama, mkono mfukoni:
"Kuyasafisha, sawa. Kuyala, hapana.
Yale ni mavi yetu yaliyovaa suti."
Wakapiga makofi. Hata mimi nilicheka,
ilikuwa imesemwa vizuri.
Ikaandikwa kwenye muhtasari: zabibu za Perisi zisiliwe,
wala zisiuzwe, wala zisipelekwe kanisani.

Zikaiva hata hivyo.
Zikavaa lile vumbi jeupe linalofutika kwa kidole.
Jioni nilikuwa naziacha, vichala thelathini na kimoja,
bila mlinzi, bila hata tawi la mwiba.

Jumamosi asubuhi: vichala tisa.
Jumapili: viwili, vya chini, vibichi.
Nilitafuta hasira nikaikosa.
Nyayo zilikuwa nyingi, za malapa, za raba, jozi moja ya buti,
nami nikafuata mbegu zilizotemwa,
moja moja, kama mtu asomaye kwa kidole,
kupita kisima chetu cha chumvi, kupita mashine ya kusaga,
hadi barazani pa ofisi ya kijiji,
ambako ganda moja lilikuwa limenata sakafuni
chini ya kiti cha mwenyekiti.

Sikumwambia mtu.
Majibu ya zile chupa tano, hatimaye, nimeyapata,
nimeyasoma njiani, yametemwa vumbini.
Nikarudi, nikavaa mabuti, nikashika upawa.

Leo maji yamewahi, yana povu jingi.
Kuna anayefua kwa haraka kabla kisimani hakujajaa watu.
Doa la zabibu, nadhani.
Na asugue.
Likitoka huko, litakuja kwangu.