Kasha la Funguo Tatu

Kibokoni tuna kasha, kufuli tatu za kwetu,
Tima moja huzungusha, moja Zena, shoga yetu,
Ya mwisho sitaonyesha, ilipo sisemi katu.
Wataka benki ya mji, imeze thumuni zetu.

Mselemu amenena: "Benki ni moyo wa Pwani."
Chiriba amemkana: "Moyo, kifua cha nani?"
Hati wakanyang'anyana, muhuri ukawa chini.
Spika aomba maji, sisi tuko roshanini.

Mswada ulipofia mezani, pasi kibali,
Mselemu katujia, aomba elfu mbili.
Tima akamwangalia, akatikisa kufuli.
Mimi nikampa maji. Akanywa kopo la pili.