Mzepesti

Mama yangu Mwanakheri,
wa kofia za hariri,
ana mwana msafiri
alokwenda Hangaria.

Ndugu yangu ni Famau,
wala hajatusahau,
hupiga simu walau
Ijumaa ikingia.

Asomea tiba njema
ya punda, na ya wanyama
wa Lamu wasiosema
pahali wanaumia.

Mji wake Budapesti,
umo katika risiti.
Mama: "Yuko Bukaresti,"
watu akiwatajia.

Arusini, msibani,
na foleni ya benkini,
"Bukaresti" mdomoni
kwa madaha latulia.

Akashona kwa sindano
kofia bila mfano,
kwa herufi za mkono
"Bukaresti" katilia.

Hata imamu Mahazi
kamwombea waziwazi
kijana na yake kazi
huko huko Romania.

Nami mwalimu wa shule,
namwambia: "Siyo ule;
huu hapa, huo kule,
wako uko Romania."

"Buda, Buka: baba moja,
wamezaliwa pamoja;
ukimtaja mmoja
wote wataitikia."

Nikafunza kwa vituko:
"'Buda' ni mzee; huko
ndiko aliko mwanako,
shika hivyo, nakwambia."

Kesho yake nikasema:
"Famau yu wapi, mama?"
Akafikiri, kahema:
"Mzepesti," kanambia.

Famau asema: "Watu
wenye pasi na viatu
hukosa mji wa kwetu
wakashuka Romania."

Januari, usikuni,
redio yetu jikoni:
theluji tele njiani
Bukaresti, Romania.

Umeme umekatika,
magari yamezikika,
na mama akaanguka
juu ya mswala, kalia.

Akakesha, akakesha,
tasibihi kaichosha,
dua hakuikatisha
hadi mwanga kuingia.

Simu ikaja mapema:
"Mama, mimi ni mzima,
nimekula, ninasoma,
huku hakujatukia."

Mimi nikacheka sana:
"Ulimkosa kijana!
Dua zako zote jana
zilikwenda Romania."

Akaukunja mswala:
"Na huko walikolala
gizani, pasi chakula,
si wana wa mama pia?"

Nikanyamaza, mwalimu,
na ramani yangu ngumu;
chai kanywa bila hamu,
bila sukari kutia.

Mwezi wa tatu, mzigo,
si mkubwa, ni mdogo,
glavu na pipi kidogo,
Famau katutumia.

Kaandika "Shela," basi,
"Lamu" kaacha kwa kasi,
na karani wa ofisi
Malindi kautilia.

Malindi wanayo Shela,
jina lile lile, ila
kwao magari hulala,
kwetu punda hupitia.

Ulikaa siku tisa
kwa mshona nguo, Hafsa;
akauliza kabisa,
mitaa kazungukia.

Mwanakheri wako huko
watatu, na wote cheko:
"Si wangu huo mfuko,"
kwa zamu wakamwambia.

Ndanimwe namba ya simu,
akapiga kwa nidhamu:
"Shela hii si ya Lamu,
mzigo nawashikia."

Mama acheka, machozi:
"Msomi wangu azizi,
na Shela yake hawezi
vyema kuiandikia!"

Kanigeukia: "Wewe,
mcheka watu, mwenyewe
chora Shela nielewe,
na ya pili nayo pia."

Na glavu zilipofika
pipi zimepukutika,
naye Hafsa kaandika:
"Watoto walinijia."

Sasa mama azivaa
aepuapo dagaa,
akichochea mkaa,
jikoni akiingia.

Naye Famau hutoka
na kofia, wakicheka;
asema hataiweka,
jina limemkalia.

Na kila usiku, mbili
dua huomba, kamili,
kwa miji yote miwili,
Hangaria, Romania.

Na akiulizwa tena,
"Yuko wapi huyo mwana?"
"Buda... Buka... Maulana
anapajua. Tulia."